Aliyeshuka na Koti la Gatsinzi

Jambo la kwanza aliloligundua Teta lilikuwa dogo, na angeweza kuliacha lipite. Watu walikuwa wamesimama kwenye theluji chini ya mlima, mahali ambapo viti vya kamba ya chuma vinavyopita hewani hushusha wanaotoka juu, na kila aliyefungua mdomo alitoa moshi mweupe wa pumzi. Shami, binti yake, alikuwa akiuchezea wake kama mvuta sigara. Manassé, kaka wa mumewe, alikuwa anafoka mbele ya mfanyakazi wa pale, na moshi ukimtoka kwa vishindo. Ndipo Gatsinzi alipochomoza kwenye ukungu, akishuka kwa miguu, koti wazi, mikono haina glavu, anacheka.

"Nimewatisha?" akasema. "Bon, niko hapa."

Mdomoni mwake hakikutoka kitu.

Teta alimkimbilia na kumkumbatia, maana alikuwa amekwisha kulia vya kutosha. Safari ilikuwa wazo la Manassé. Yeye anaishi Columbus, mdogo wake Gatsinzi anaishi Cheektowaga kando ya Buffalo, na alitaka familia zikutane mahali pa katikati, watoto wateleze kwenye theluji na wakubwa waote moto. Gatsinzi hakuwa na haja ya skii. Alichokitaka kilikuwa juu kileleni, kituo cha kutazamia nyota, jengo la mviringo lenye darubini kubwa ambalo wageni huruhusiwa kuingia jioni. Utotoni alichunga ng'ombe kwenye milima ya juu ya Minembwe, mashariki ya Kongo, na nyota ndizo kitu pekee cha kule alichokikumbuka bila kuumia. Alipanda peke yake mchana ulipokuwa unaisha. Ukungu ukaingia ghafla, viti vikasimamishwa, wageni wote wakateremshwa kwa gari la theluji. Gatsinzi hakuwemo. Walimtafuta mpaka Teta akaanza kuona watu wanamtazama kwa huruma, kama watu wanaomtazama mjane.

Sasa alikuwa mikononi mwake, na mikono yake ilikuwa ya moto, moto kabisa, kama ya mtu aliyetoka kuosha vyombo. Chini ya koti palitoka harufu. Teta aliifahamu kabla hajaitafutia jina. Ilikuwa harufu ya zizi lililochomwa kisha likanyeshewa mvua. Mtu wa kwao akishainusa mara moja haisahau.

"Simu yako iko wapi? Nimepiga mpaka nimechoka."

"Imeanguka kwenye theluji. Acha, nitanunua nyingine."

Hakuuliza zaidi. Mume amerudi, nani anahesabu harufu?

Na aliyerudi alikuwa mume mzuri. Hilo ndilo lililomchanganya Teta kuliko yote. Gatsinzi aliyemjua alikuwa mtu mkimya, anayetoka zamu ya ghala akakaa gizani na viatu miguuni, anayelia usingizini akiita majina ya watu waliokwisha kuzikwa na wengine ambao hawakuzikwa. Huyu alilala kimya. Alfajiri Teta alimkuta amelala chali, uso umelainika, midomo imeachana kidogo kama anasikiliza. Aliosha sahani. Alimbeba Shami mgongoni, akamchezesha mpaka mtoto akaishiwa na kicheko. Kazini wenzake walianza kumpenda. Kanisani alisimama kuimba, yeye ambaye miaka yote alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

"Mama Shami, umemfanyia nini mume wako?" wanawake walimuuliza. "Amekuwa kijana!"

Teta alicheka nao. Lakini alikuwa ameanza kumwangalia. Aliona kwamba chakula cha moto anakiacha mpaka kipoe, ndipo anakula haraka bila kutafuna sana. Aliona madirisha ya chumba cha kulala yamefunguliwa, theluji imeingia mpaka kwenye zulia, naye amekaa hapo na fulana tu. Aliona kwamba akiwa peke yake hupiga mluzi, sauti moja isiyopanda wala kushuka, na kwamba mluzi ule hukoma mara tu mtu anapokaribia mlango, hata kama ametembea na soksi. Kila alipojiambia kwamba amechoka, kwamba kazi ya kutunza wazee imemharibu akili, harufu ya zizi ilimjia tena kutoka kwenye mto wa kitanda.

Jioni moja alikuwa jikoni anakoroga ubugali. Simu yake ikaita. Kwenye kioo liliandikwa jina la Gatsinzi.

Aligeuka. Gatsinzi alikuwa sebuleni, amekaa sakafuni na Shami, wanapanga kadi. Simu mpya aliyoinunua ilikuwa mezani, imezimwa. Teta alijibu kwa sauti ndogo.

Kwanza alisikia upepo. Kisha mtu anayepumua kwa shida.

"Teta." Ilikuwa sauti yake, ya mtu aliyetetemeka mpaka taya zimekufa ganzi. "Teta, nina baridi. Mbona mmeniacha?"

Mwiko ulimtoka mkononi. Sebuleni, Gatsinzi alikuwa ameinua kichwa. Hakuuliza kitu mpaka alipomaliza kumtazama vizuri.

"Ni nani?"

"Watu wa kazi. Wanataka niongeze zamu."

"Waambie hapana," akasema, akatabasamu, akarudi kwenye kadi. "Mama amechoka sana siku hizi, sivyo Shami?"

Mtoto alijibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, mama amekuwa wa ajabu.

Kutoka siku ile simu iliita kila jioni giza lilipoanza kuingia. Teta alijifungia bafuni, akafungua maji ya bomba, akasikiliza. Hakujua nani amwogope. Huyu wa simu angeweza kuwa shetani anayetaka kumtenga na mumewe sasa ambapo amani imeingia nyumbani. Huyu wa sebuleni angeweza kuwa shetani mwenyewe. Mmoja kati yao alikuwa mwongo, na wote wawili walikuwa na sauti ile ile iliyomchumbia.

Akaamua kuwapima. Alimuuliza wa simu, "Ile siku tunavuka mto kuingia Burundi, uliniambia nini sikioni?"

"Nilikuambia usitazame maji," sauti ikasema. "Nilikuambia tazama shingo yangu tu."

Ilikuwa kweli. Teta alitoka bafuni, akamwendea aliyekaa kwenye kochi, akamuuliza swali lile lile kama mtu anayekumbuka tu ya zamani.

"Usitazame maji," Gatsinzi akasema bila kufikiri. "Tazama shingo yangu." Akamshika mkono kwa kiganja chake cha moto. "Kwa nini unauliza leo, mpenzi?"

Teta alimpigia Manassé. Shemeji alimsikiliza akihema, kisha akasema alivyozoea kusema. "Mama Shami, hiyo ni mawazo. Wewe umebeba mengi. Njooni Columbus, nimwone kwa macho yangu."

Wakaenda. Manassé alimpokea mdogo wake mlangoni, na ndani ya muda mfupi wanaume wale wawili walikuwa wanacheka hadi machozi kwa hadithi za ng'ombe na za walimu wa zamani. Teta alikaa pembeni, chai mkononi, anawaangalia. Kila kisa Gatsinzi alikimalizia vizuri. Lakini kila mara alisubiri Manassé aanze.

Walipobaki wawili jikoni, Manassé alifunga mlango. "Donc, hii ndiyo unalalamikia? Huyu ndiye ndugu yangu kabla ya vita. Mimi namshukuru Mungu. Wewe ndiye nakuogopea, shemeji. Hata mtoto anasema unaongea peke yako bafuni."

"Shemeji, hujasikia ile harufu?"

"Harufu gani?"

Teta akaweka chai yake mezani. Aliona jinsi alivyokuwa anatazamwa, na akaelewa kwamba katika nyumba ile anayeshukiwa ni yeye. Alitoka kwenda kumtafuta Shami. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na sauti ya Gatsinzi ilikuwa inatoka humo, ya chini, tamu, kama ya mtu anayebembeleza.

"Nitakupeleka tena juu. Safari hii mpaka kileleni. Kuna watoto kule, wanakungoja wewe."

"Wanateleza?" Shami aliuliza.

"Hapana. Wanasimama tu. Lakini wakishakupata, wataweza kucheza."

Jioni ile ile Teta alisema uongo mkubwa kuliko ule wa simu. Alimwambia mumewe kwamba Shangazi Kamikazi wa Louisville anaumwa sana, wamepigiwa simu, lazima waende kesho asubuhi.

"Twende basi," Gatsinzi akasema. "Barabara ni barabara."

Shangazi Kamikazi, dada wa baba yake Teta, hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa mama wa miguu minene aliyefua mashuka ya hoteli wiki nzima, na Jumapili watu walimletea waliolemewa na pepo. Hakuwa na mafuta wala maji ya chupa. Aliwaombea akiwa amekaa, kwa sababu ya magoti, na wakati mwingine aliwatukana pepo kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, mpaka waumini wakaziba masikio ya watoto. Aliwafungulia mlango, akamkumbatia Teta, akambusu Shami, na alipofika kwa Gatsinzi akasimama. Pua yake ilicheza.

"Karibu," akasema polepole. "Karibu, mgeni."

Gatsinzi alicheka. "Shangazi, mimi si mgeni."

"Kila anayekuja kwangu mara ya kwanza ni mgeni."

Alikuwa amekuja mara nyingi. Wote walilijua hilo.

Walipokuwa wawili chumbani kwa Shangazi, mlango umefungwa na redio imewashwa, Teta alimweleza yote kwa kunong'ona: pumzi, harufu, simu, mto, jibu moja kutoka vinywa viwili. Shangazi alisikiliza akikunja mashuka.

"Ulikosea kitu kimoja," akasema. "Ulimuuliza unachokijua wewe. Haya majini ya mlimani yakiingia kwa mtu yanakula kwenye sahani ya kila aliye naye. Ukijua wewe, nalo linajua. Akijua Manassé, linachota kwa Manassé. Muulize kitu ambacho hakuna mtu ndani ya nyumba hii anakijua, hata mimi. Tukisikia jibu la simu bado hatujui kama ni kweli, kwa hiyo halijaingia sahanini. Kisha tutafute anayekijua."

"Nani anakijua?"

"Mama yake si yuko Uvira bado?"

Wakakaa kungoja jua lizame. Shami alikuwa sebuleni na Gatsinzi, wanatazama katuni. Simu ilipoita, Shangazi aliipokea yeye mwenyewe na kuibonyeza sikioni ili sauti isitoke nje.

"Wewe unayesema una baridi. Mimi ni Kamikazi. Zamani ulipokuwa mtoto ulipotea na ng'ombe kwenye ukungu, wakakukuta asubuhi. Hiyo tunaijua wote. Ulipopatikana, ulikuwa umeshika nini mkononi?"

Upepo. Pumzi. Kisha sauti, mbali sana. "Kiatu. Kiatu cha baba cha plastiki, cha mguu mmoja. Niliona kikibaki na mimi, baba atakuja kukifuata."

Shangazi akakata simu, akafungua mlango, akaita kwa furaha ya uongo, "Gatsinzi, mwanangu! Tunabishana huku na mke wako. Ile siku uliyopotea kwenye ukungu, walikukuta umeshika nini?"

Kutoka sebuleni pakawa kimya. Mtu asiyejua angedhani anakumbuka. Teta aliona tu upande wa uso wake, ukielekezwa kwake, kisha kwa Shangazi, kisha kwake tena, kama mtu anayepapasa mifuko mitupu.

"Fimbo," akasema mwishoni. "Fimbo ya kuchungia."

Kule Uvira kulikuwa usiku, lakini mama mkwe alipokea. Aliposikia swali alicheka kicheko cha kizee chenye kikohozi ndani yake. "Eh, wanangu, mmekumbuka nini! Kiatu! Kiatu cha marehemu baba yake. Tulimnyang'anya kwa nguvu, alilia siku nzima. Kwani kuna nini?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu katuni zilikuwa zimenyamaza, na walipotoka chumbani walimkuta amesimama kwenye mlango wa nje uliokwisha kufunguliwa, koti lake limefungwa mpaka kidevuni kwa mara ya kwanza tangu mlimani, funguo za gari katika mkono mmoja na mkono mwingine umeushika wa Shami, ambaye naye alikuwa amevishwa koti na kofia na viatu vya theluji ingawa Louisville siku ile haikuwa na theluji, na mtoto hakuwa analia wala kucheka bali alikuwa anautazama mkono ule uliomshika kana kwamba ndiyo kwanza amehisi joto lake, na baridi iliyoingia kwa mlango ule haikuwa baridi ya mtaani bali ya mahali pa juu kabisa, ikibeba harufu ya zizi lililoungua, na ndani yake, kwa mbali, kama kutoka nyuma ya kilima, watu wengi wanapiga mluzi wa sauti moja.

"Tunatoka kidogo," alisema kwa sauti ya Gatsinzi. "Mimi na mtoto."

Shangazi alifungua mdomo. Teta akamtangulia. Hakujua maneno yalitoka wapi; aliyasikia akiwa anayasema.

"Mtoto mdogo hatakufaa. Anaumwa pumu, baridi itammaliza kabla hamjafika. Nichukue mimi. Mimi nitapanda na wewe mpaka juu, kwa hiari yangu."

Kile kitu kilimtazama Teta kutoka miguuni hadi kichwani, kama mtu anayepima nguo.

"Kwa hiari?" kikauliza. "Ya hiari ni nadra." Kikauachia mkono wa mtoto. "Wewe pia unafaa."

Shami alibaki kwa Isaro, mkwe wa Shangazi, mtaa wa pili. Walipita Columbus kumchukua Manassé, ambaye alikuwa amezungumza na mama yake kwa simu, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliingia akashika usukani bila kumsalimu aliyekaa nyuma. Njia nzima Shangazi aliimba nyimbo za kwao, moja baada ya nyingine, na kile kitu kilikaa karibu na Teta kikitazama dirishani, kimestarehe, kama msafiri anayerudi kwao.

Mlimani palijaa watu. Jua lilikuwa limetoka, theluji inaumiza macho, watoto wanaanguka na kuinuka, mabinti wanapigana picha. Mtu angeona aibu kusema neno jini mahali kama pale. Kwenye foleni ya viti Shangazi alimvuta Teta sikioni.

"Ukiwa juu usimtazame aliye karibu nawe. Tazama theluji. Mwite mwenyewe. Na usimwite kwa uzuri, maana hiyo ni sauti yao. Mwite alivyo."

Kiti kikawanyanyua. Miguu ikaning'inia, miti ikawa midogo, na nyuma yao, kwenye kiti kilichofuata, Shangazi alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili na kumwambia Manassé kwamba akifa leo asizikwe na kofia hii. Chini makelele ya watu yakapungua, yakafifia, yakaisha. Mbele, kichwa cha mviringo cha kituo cha nyota kilitokea kikiwa kimefungwa, na ukungu ukaanza kukizunguka ingawa anga lilikuwa safi.

"Gatsinzi," Teta aliita. Sauti ilimtoka kama ya kuku. Akaita tena. "Gatsinzi! Papa Shami! Njoo nyumbani."

"Yuko hapa," kilisema kilichokuwa pembeni yake.

Alitazama theluji. "Njoo na viatu vyako gizani. Njoo na kimya chako. Njoo ukae kiti cha nyuma."

"Unamtaka yule?" Kilikuwa kimemsogelea, mdomo karibu na sikio lake, joto lake likiunguza shavu. "Yule anayelia usingizini? Mimi nimekuliza lini? Nimekuchekea. Nimekuoshea sahani. Mtoto wako ananipenda kuliko alivyompenda yeye, umeona mwenyewe, na wanawake wa kanisa wanakuonea wivu, na ukirudi na yule utarudi kwenye usiku wa kelele, na majina ya wafu, na mtu anayekutazama asikuone, miaka, Teta, miaka yote iliyobaki, na utanikumbuka."

Na kweli alijua kwamba atamkumbuka. Hilo ndilo lililomfanya alie. Alilia, akafuta uso kwa glavu, akapiga kelele kuelekea ukungu kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Namtaka anayelia! Gatsinzi, mwana wa Rugaba, njoo na majina yako yote! Nitaamka nayo pamoja nawe!"

Kiti kilisimama. Kikayumba hewani juu ya bonde, na nyuma Shangazi alianza kutukana, matusi mazito ya kwao, akimwita yule mgeni mwizi wa makoti, mla sahani za watu, mwana wa moshi. Teta alihisi mwili uliokuwa karibu naye unakakamaa. Joto likautoka kwa mkupuo, kama maji yanapomwagwa, na mluzi ukapita kati yao ukielekea juu, ukaisha. Kilichobaki kilikuwa kizito, baridi, na meno yake yalikuwa yanagongana.

"Teta," alisema Gatsinzi. Akaanza kulia kwa kwikwi, kama mtoto. "Mmekawia. Mmekawia sana."

Njiani kurudi walimfunga mablanketi, wakampa chai, akainywa ikiwa moto mpaka akaunguza ulimi, na Manassé alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Teta alimuuliza kuhusu simu. Gatsinzi hakuelewa. Hakuwa na simu, alisema. Alikuwa anaita tu.

Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Sikuwa peke yangu kule. Tulikuwa wengi. Wanasimama nyuma ya ile nyumba ya nyota, na nguo zao za skii. Wazungu, Wachina, sisi. Kila mmoja anaita nyumbani kwake. Kuna mama mmoja wa Bukavu, Grâce, alikuja na safari ya kazi ya mume wake. Wanakaa Buffalo, Lower West Side, juu ya duka la kushona. Aliniambia nikifika nimwambie Jean-Baptiste aje. Aliniapisha."

Nyumbani alirudia kuwa alivyokuwa. Alikaa gizani na viatu. Usiku aliita majina, na Teta aliamka, akamshika, akayarudia majina pamoja naye moja moja mpaka akatulia. Shami alimkwepa baba yake kwa muda, kisha siku moja akaja na kadi akazipanga sakafuni bila kusema kitu.

Teta aliona kiapo cha mume ni chake pia. Jumamosi mchana aliendesha gari mpaka Lower West Side, akapata duka la kushona, akapanda ngazi za nje zilizomwagiwa chumvi. Kutoka ndani alisikia muziki wa kwao, watoto wanacheka, na mwanamke anaimba. Aligonga. Mwanamume mwembamba alifungua, mwenye aproni na unga mikononi.

"Ni wewe Jean-Baptiste? Mimi naitwa Teta, natoka Cheektowaga. Samahani, papa. Nimetumwa na mke wako."

"Mke wangu yuko jikoni."

"Najua." Teta alishusha sauti. "Grâce amenituma kutoka mlimani. Anasema ana baridi. Anasema uende ukamwite. Tunaye shangazi anayejua namna ya kufanya, tutakwenda nawe. Si kazi kubwa. Unamwita tu."

Alingoja mtu yule acheke, au akasirike, au amwite mwendawazimu. Jean-Baptiste hakufanya lolote kati ya hayo. Alitoka nje kwenye baridi na ndala zake, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga, taratibu, asisikike.

"Anapiga kila jioni," alisema. "Nilibadilisha namba."

Teta alirudi ngazi moja chini.

"Tulizika watoto wawili njiani, mama. Kila siku alikuwa ananiuliza kwa nini nilichagua ile njia. Kila siku, miaka kumi na moja, asubuhi na jioni. Sasa haniulizi." Aliangalia unga mikononi mwake, akaupangusa kwenye aproni. "Tafadhali. Usirudi hapa tena."

Ndani, mwanamke aliacha kuimba. Alimwita mumewe kwa jina, kwa upendo mwingi, akamwambia amkaribishe mgeni, chakula kiko tayari na kimeshapoa.